NASAHA ZA NYUMBANI: Kijana wa Chuo na Kazi Yake ya Kesho

Miezi mitatu iliyopita tuliletewa barua na mzee mmoja wa Kahe, na kwa kuwa mambo aliyoyaandika hayamhusu yeye peke yake, tumemwomba ruhusa tuyaeleze hapa bila ya kutaja jina lake wala majina ya wanawe, naye ameridhia.

Mzee huyu ni mkulima. Ana mashamba mawili: moja la juu, lisilopata maji ila kwa mvua, na jingine lililo kando ya mfereji, ambalo ndilo linalolisha nyumba. Ana binti aliyehitimu shahada ya ualimu mwaka 2021, naye mpaka tulipopokea barua alikuwa nyumbani. Ana pia kijana wa kiume aliye mwaka wa pili katika Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, asomaye uhasibu. Swali lake lilikuwa fupi: "Je, niuze shamba la mfereji?"

Sababu ya swali hili ni kwamba alitokea mtu wa mjini, ajitiaye kuwa ana jamaa katika ofisi kubwa, akamwambia kuwa kwa kiasi fulani cha fedha binti atapata nafasi Serikalini mwaka huu huu, na kijana naye atawekewa nafasi yake amalizapo masomo. Akamhimiza afanye haraka kabla nafasi hazijakwenda kwa wengine. Na mnunuzi wa shamba, tazameni ajabu hii, alikwisha patikana.

Tukaona kuwa barua ya namna hii haijibiwi kwa kalamu tu. Tulipanda gari Moshi mjini, tukashuka tambarare kwa njia ya Chekereni, tukapita kati ya majaruba ya mpunga mpaka tukafika Kahe. Baada ya sala ya adhuhuri tukakaa barazani pamoja na mzee, mkewe, binti na kijana, ambaye alikuwa likizoni.

Jibu letu la kwanza lilikuwa: usiuze. Nafasi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Mwombaji hujaza maombi yake mwenyewe kwa mtandao, akaitwa kwenye usaili, akaandika mtihani, akahojiwa ana kwa ana. Hakuna ada ya kununua nafasi katika njia hiyo. Walimu nao, ambao zamani walipangiwa vituo bila ya usaili, siku hizi hupita katika mlango huo huo. Aombaye fedha ili ampitishe mtu ni mmoja wa wawili: ama ni tapeli asiyemjua yeyote, ama ni mla rushwa. Ikiwa ni tapeli, shamba limekwenda bure. Ikiwa ni mla rushwa, basi Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humshika mtoaji kama imshikavyo mpokeaji. Na kabla ya sheria hiyo, dini yetu imekwisha kuwaweka wote wawili mahali pabaya, pamoja na yule anayetembea kati yao. Mshahara ulionunuliwa namna hiyo, mwenye kuula atasemaje mbele ya Mola wake?

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Haya, Ustadhi. Nimesikia nisilotakiwa kufanya. Basi nikae tu nikitazama?"

Twakiri kwamba neno hili lilitushinda kwa dakika kadhaa. Ni jambo jepesi kumkataza mzazi lililo haramu, kisha ukapanda gari ukarudi zako mjini.

Ni haki kusema kwanza kwamba wazee wetu hawana makosa kudhani kuwa shahada na kazi ni kitu kimoja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungua mlango tarehe 25 Oktoba 1961, kwa wanafunzi wachache wa sheria, nchi haikuwa na wasomi wa kujaza viti vilivyoachwa na wakoloni. Aliyemaliza alingojewa. Na kama msomaji ataka kujua jinsi kazi ilivyokuwa na uhakika siku hizo, naakumbuke mkasa wa tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi wa chuo waliandamana kupinga kanuni za Jeshi la Kujenga Taifa, na mojawapo ya malalamiko yao ilikuwa kwamba kwa muda wa utumishi huo wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu wanafunzi 400, na papo hapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Sisi leo hatutaki kuhukumu kati yao. Twataka msomaji aone jambo moja tu: ugomvi ule ulikuwa juu ya kiasi cha mshahara. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi kama mshahara wenyewe utakuwapo.

Hali hiyo ilikwisha. Katika miaka ya 1990 Serikali ilipunguza watumishi wake, ikaacha desturi ya kumpangia kazi kila ahitimuye. Na tangu hapo vyuo vikaongezeka, vya Serikali na vya mashirika ya dini, kikiwamo Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro. Hapo Moshi peke yake, chuo cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1963 kwa kufundisha makarani na wasimamizi wa vyama, kimekuwa chuo kikuu kamili tangu mwaka 2014. Mlango wa kuingilia umepanuliwa sana; mlango wa kutokea haukupanuliwa kwa kadiri ile. Walakini majumbani mwetu twaendelea kuagana na vijana kwa maneno yale yale ya mwaka 1966: "Nenda ukasome, ukimaliza utapata kazi."

Wenyeji wa Kahe wanao mfano wao wa jambo hili, nao umelala chini hapo karibu na nyumba zao. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakaleta reli yao ya kijeshi kutoka Voi, na njia mbili zikakutana Kahe, mahali palipopiganiwa Machi 1916. Kahe ikawa njia panda ya reli, na kazi za reli zikawa kazi za kutamaniwa. Kisha treni za abiria zikasimama. Na ile ya kutoka Dar es Salaam mpaka Moshi haikurudi ila Disemba 2019, baada ya zaidi ya miaka 20. Kijana aliyepanga maisha yake yote kwa kutegemea kengele ya stesheni angalifanya nini katika miaka hiyo?

Sasa tugeuke kwa huyu kijana wa mwaka wa pili. Tulimwuliza, "Ukimaliza, wataka kufanya kazi gani?" Akajibu, "Yoyote, Shehe." Tulimwuliza tena, "Katika wahasibu wanaofanya kazi, wangapi umekwisha zungumza nao?" Akamtazama mama yake. Hapakuwa na hata mmoja.

Hatusemi haya kwa kumwaibisha, maana ni kijana mwenye adabu na alama zake ni nzuri. Lakini ndiyo hali ya wengi. Kijana hutumia miaka mitatu kuwaridhisha walimu, naye hajui mtu mmoja afanyaye ile kazi anayoisomea. Kisha siku ya mahafali joho likivuliwa, huanza kuuliza njia. Huko ni kuchelewa. Wakati wa kuuliza ni mwaka wa kwanza, angali na jina la chuo mgongoni, maana mlango ambao mhitimu asiye na kazi huukuta umefungwa, mwanafunzi akibisha kwa heshima aghalabu hufunguliwa. Mwanafunzi haombi nafasi, aomba kujifunza, na watu wazima wengi hupenda kueleza kazi zao kuliko tunavyodhani.

Tena kuna mambo ambayo, usipoyauliza mapema, hukujia kama mvua ya ghafula. Msomi wa uhasibu huenda asijue kuwa shahada yake ni nusu ya safari tu. Ile nusu nyingine ni mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ifanywayo Mei na Novemba, na kwamba mwenye shahada husamehewa ngazi za mwanzo. Kijana wetu alikuwa amesikia habari ya bodi hiyo, lakini alidhani ni ya watu wenye ofisi tayari. Msomi wa sheria hana budi kupita Shule ya Sheria kwa Vitendo kabla hajawa wakili, na habari za mwaka 2022 kila mtu alizisikia: kati ya wanafunzi 633 ni 26 tu waliofaulu masomo yote kwa mara moja, hata Serikali ikaunda kamati ya kuchunguza sababu. Mhandisi naye ana usajili wake, na daktari ana mwaka wake wa kufanya kazi chini ya wakubwa. Haya si siri. Yaandikwa wazi, lakini nani nyumbani kwetu huyasoma kabla ya kijana kujaza fomu ya chuo?

Jambo ambalo tulilikalia sana siku ile ni mafunzo ya vitendo, ambayo wanafunzi wenyewe huyaita fildi. Kila mwaka chuo humtoa mwanafunzi kwa majuma kadhaa akajifunze kazini. Kijana wetu alikwisha kwenda mara moja. Alipelekwa ofisi moja, ambayo hatutaitaja, kwa sababu mjomba wake alimjua bawabu wa pale. Akafundishwa kutoa nakala za karatasi na kununua vitafunio vya saa nne. Alipomaliza akapigiwa muhuri, akarudi chuoni, akaandika ripoti ndefu ya mambo ambayo hakuyafanya. (Twawaomba radhi walimu wa vyuo, twajua wanazisoma ripoti hizo, na twajua kuwa wanajua.)

Tukamwambia: fildi si muhuri. Ni mahali pekee ambapo mwajiri hukuona ukifanya kazi kabla hujamwomba kazi. Basi mwanafunzi achague mapema, aandike barua miezi kadhaa kabla, na aseme ataka kujifunza nini hasa. Na asitazame majina makubwa tu. Tulipofika hapo tukamwuliza mzee, "Nyinyi wa mfereji, hesabu za maji nani huziandika?"

Kumbe swali hili ndilo lililotuletea Kahe, nasi hatukujua. Kahe ni nchi ya maji. Yatoka mlimani, yapita chini ya ardhi, yaibuka katika chemchemi kama ile ya Miwaleni, na kila mtu ayataka. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi ya Chini, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, ulizidisha mavuno ya mpunga. Na kwa kuwa mpunga ulileta fedha, watu wa juu nao wakafungua majaruba yao nje ya mradi, na maji yakawa haba kwa walio chini. Mpaka leo maneno juu ya maji hayajesha. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi, hutoa vibali vya kutumia maji. Vyama vya watumiaji hugawa zamu na kukusanya ushuru. Kiwanda cha sukari cha TPC huko Arusha Chini, kilichoanzishwa na Wadenmark katika miaka ya 1930, nacho chamwagilia miwa yake. Kila mahali hapo pana hesabu, pana mkataba, pana ugomvi wahitaji mtu ajuaye kuandika na kusawazisha. Na huyu kijana amezaliwa katikati ya mambo haya, anaijua lugha ya wenyeji, anajua mfereji upi hupasuka masika. Kisha anatuambia ataka kazi "yoyote".

Mzee alicheka. Akasema hesabu za kikundi chao zimo katika daftari la shule, na kwamba katibu aliyekuwa akiziandika alihama, tangu hapo kila mweka hazina huandika kwa namna yake. Ushuru hukusanywa, bomba hununuliwa, lakini wakitaka mkopo wa kununua pampu huambiwa walete hesabu za miaka miwili, nao hawana. Kijana aliyasikia haya kwa mara ya kwanza. Miaka miwili amesoma mizania ya makampuni ya mbali, na baba yake ameketi juu ya daftari lisilo na mizania.

Tukamkumbusha habari za Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Alipotolewa gerezani hakumwambia mfalme kuwa atafanya kazi yoyote. Alikuwa amekwisha kueleza mpango wa miaka saba ya shibe na miaka saba ya njaa. Kisha akaomba ghala za nchi, akataja sifa mbili alizo nazo, ulinzi na ujuzi. Vijana wetu hudhani ni kiburi mtu kuutaja ujuzi wake, na katika usaili huinamisha vichwa kama walioshtakiwa. Lakini kwanza awe nao huo ujuzi, na kuwe na watu watakaoushuhudia. Na Abdurrahman bin Auf, alipohamia Madina mikono mitupu na nduguye akataka kumgawia nusu ya mali, alimwombea baraka akaomba aonyeshwe soko. Akaanza na jibini na samli. Hatuoni kuwa daftari la mfereji ni dogo kuliko samli.

Hapa mama wa nyumba akauliza kama haitoshi kuswali istikhara. Twasema istikhara ni sunna njema, walakini mtu huiswali akiwa na jambo analolikusudia. Kijana asiye na azma yoyote ataomba aongozwe katika lipi?

Neno moja juu ya fedha. Kijana huyu asoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, iliyowatia wengi wetu mashaka kwa kufanana kwake na riba, iliondolewa mwaka 2021; lakini deni lenyewe ni deni, na akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Tuseme amepata mshahara wa shilingi 700,000: Bodi itachukua 105,000 kabla hajanunua hata sabuni. Mzazi aliyekwisha kuupangia mshahara huo bati, ada za wadogo na mahari ya kaka ni vyema ayajue haya mapema, kijana asije akaonekana mchoyo.

Na binti? Twakiri kwamba tulikaribia kuondoka bila ya kumsikia, nalo ni kosa letu. Yeye ndiye aliyeleta chai, na yeye ndiye aliyetusahihisha tulipokosea jina la chemchemi. Alisoma kufundisha baiolojia. Alikwenda usaili mmoja akashindwa mtihani wa kuandika, kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, alikuwa hajafungua vitabu vyake tangu mahafali. Tulimwuliza siku zake hupitaje. Asubuhi yuko shambani. Jioni huwafundisha watoto wa jirani, kumi na wanne kwa hesabu yake, na wanne katika hao wamefaulu kwenda sekondari. Je, aliandika jambo hilo katika wasifu wake? "Sikuhesabu kuwa ni kazi," akasema. "Hawanilipi."

Shangazi yake, aliyekuwa amejiunga nasi, akasema kuwa dawa ni kumwoza tu. Sisi hatuna neno juu ya ndoa, ni nusu ya dini. Lakini mume hasomi usaili kwa niaba ya mke. Na tumewaona mabinti wengi walioolewa kwa haraka na watu ambao hawakuulizwa hata siku moja kama wataridhia mke afanye kazi, maneno yakaja baadaye na mtoto mkononi. Posa ikija, swali hilo liulizwe kabla ya mahari kuhesabiwa. Na kabla ya posa kuja, binti akae na vitabu vyake saa moja kila usiku, na mwalimu mkuu wa shule ya jirani aombwe amruhusu kujitolea vipindi kadhaa kwa juma, ili awepo mtu wa kumshuhudia.

Tuliondoka jua likizama nyuma ya mashamba ya miwa. Mzee hakutuahidi kitu. Alisema tu kwamba atamwambia mnunuzi asubiri mpaka baada ya mavuno. Tuliona kuwa hayo yatosha kwa siku moja.

Mwezi huu tumepata barua ya pili, nayo imeandikwa na kijana. Shamba halijauzwa, na yule mtu wa mjini hapokei tena simu. Dada yake anafundisha vipindi vitatu kwa juma katika shule ya jirani, bila ya malipo kwa sasa, na amejaza maombi mapya. Yeye mwenyewe ameomba fildi ya mwaka huu aifanye katika ofisi inayohusika na vikundi vya umwagiliaji, anangoja jibu. Na wakati wa likizo aliketi na lile daftari siku tisa, akipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani alilipa nini. Hesabu ya mwaka mmoja imesawazishwa na kusomwa mbele ya mkutano wa kikundi. Imeonekana kuwa wanachama saba hawakulipa ushuru wa maji wa msimu uliopita, na wa tatu katika orodha ni baba yake. Mzee amelipa siku ile ile, lakini kijana atuambia kuwa kwa siku mbili hawakusemezana.